Programu Zikikaa Mahali Pamoja, Wajibu Usipotee Njiani

Utaratibu wa kuweka programu kwenye kila kompyuta ya kila meza unapitwa na wakati. Badala yake programu zinakaa kwenye seva za pamoja, na mtumishi aliye Urambo, Sikonge au Igunga anafungua eneokazi pepe: skrini anayoitazama ni picha ya kompyuta inayofanya kazi mamia ya kilomita kutoka alipoketi. Anachoandika kinasafiri, seva inafanya hesabu, picha inarudi. Tunaliunga mkono jambo hili. Lakini linahamisha madaraka kutoka meza ya karani kwenda chumba cha seva, na wengi wanaoyapokea hawajaonyesha kwamba wamepokea pia wajibu unaofuatana nayo.

Zamani karani wa Kaliua ambaye programu yake imegoma aliweza kumwita fundi wa mjini, CD ikaingizwa, kazi ikaendelea. Njia ile ilikuwa mbovu. Ilileta virusi, leseni za wizi, na matoleo matatu ya programu ile ile ndani ya ofisi moja. Siku diski ilipokufa, kumbukumbu za miaka zilikufa nayo. Leo mezani kwake kuna kisanduku kidogo kisichohifadhi kitu. Hawezi kuongeza programu, hawezi kuiondoa, na mara nyingi hata printa hawezi kuibadilisha. Uwezo huo ameondolewa kwa sababu nzuri, na hatuombi arudishiwe. Tunachosema ni kwamba mtu akishaondolewa uwezo wa kujisaidia, aliyemwondolea anakuwa na deni kwake, nalo linadaiwa kila asubuhi ofisi inapofunguliwa.

Tabora inaijua tofauti kati ya njia ndefu na dhamana mbovu. Mji huu ulikuwa njia panda ya misafara. Kutoka Bagamoyo mpaka hapa wapagazi walitembea takribani miezi mitatu, na kutoka hapa njia iligawanyika, moja ikaenda Ujiji, nyingine kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Mwezi Novemba 1870 shehena na mfuko wa barua za mpelelezi David Livingstone viliondoka Zanzibar chini ya usimamizi wa ubalozi mdogo wa Uingereza. Februari 1871 mwandishi wa habari Henry Morton Stanley alifika Bagamoyo na kuwakuta waliokabidhiwa shehena ile bado wako pwani, karibu siku mia moja zimepita. Waliondoka waliposikia kwamba balozi mwenyewe anakuja. Mfuko ulifika Unyanyembe, hapa Tabora, ukalala tena, na Livingstone aliupokea Ujiji mwaka mzima baada ya tarehe iliyoandikwa juu yake, tena kwa kuwa Stanley aliuchukua na kuupeleka. Shehena nyingine iliyotangulia ilikuwa imefika Ujiji, lakini Sherifu, mtu aliyekabidhiwa, aliiuza yote kwa pembe za ndovu. Livingstone aliporudi Oktoba 1871 akiwa mgonjwa hakukuta kitu.

Mwaka uliofuata mambo yalikwenda tofauti. Stanley alimwacha Livingstone Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, Machi 14, 1872. Alishuka pwani, akachagua watu, akawakabidhi mzigo wa Livingstone. Vita vya mtemi Mirambo vilikuwa bado havijaisha na njia ilikuwa ile ile. Watu wale walifika Kwihara mwezi Agosti, na miongoni mwao wamo waliokuja kuubeba mwili wa Livingstone hadi Bagamoyo, Februari 1874. Umbali haukupungua hata hatua moja. Kilichobadilika ni namna mzigo ulivyokabidhiwa, na kwamba aliyeupokea alijua ataulizwa.

Hivyo hatukubali maelezo ya umbali kutoka kwa msimamizi yeyote wa mifumo leo. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009, ulipita kilomita 7,500 katika awamu zake mbili za mwanzo, na Tabora imo ndani yake. Mwanga ndani ya nyuzi za kioo unakwenda kiasi cha kilomita 200,000 kwa sekunde. Kutoka Dar es Salaam mpaka Tabora kwa reli ni kilomita 840 hivi. Hata mkongo ukizunguka kuliko reli, mwanga unakwenda na kurudi ndani ya sehemu mbili za mia za sekunde, na hakuna mchapaji anayeweza kuuhisi muda huo. Herufi zinapochelewa kutokea kwenye skrini, tatizo liko kwingine. Huenda ni kipande cha mwisho kati ya mkongo na jengo, kilichonunuliwa kidogo ili kubana matumizi. Huenda ni swichi ya ofisi iliyoachwa kwenye korido bila kabati, au seva iliyobebeshwa watumiaji mara mbili ya uwezo wake. Kila kimoja kati ya hivyo kina mwenyewe, na mwenyewe ana jina na cheo.

Mahali ambapo mkongo haujafika, na ofisi inategemea setilaiti ya mbali iliyo kilomita 35,786 juu ya ikweta, hesabu ni nyingine. Safari moja ya kwenda na kurudi inachukua karibu nusu sekunde kabla seva haijagusa kitu. Kuandika barua kwa mwendo huo ni mateso. Kiongozi anayelijua hilo na bado akapeleka eneokazi pepe kwenye ofisi kama hiyo, ili tu taarifa yake isomeke kwamba ofisi zote zimeunganishwa, amewatesa watumishi wake kwa ajili ya karatasi.

Kuweka programu mahali pamoja si jambo geni nchini. Kuanzia mwaka wa fedha 2012/13 halmashauri zilianza kutumia Epicor iliyowekwa kwenye seva za pamoja za TAMISEMI, Dodoma. Mhasibu wa Nzega na mhasibu wa Uyui wakawa wanafungua programu moja, toleo moja, vitabu vya hesabu vikikaa mahali pamoja. Manufaa yalionekana: mkaguzi hakulazimika kuzunguka akikusanya nakala, na hesabu za halmashauri moja zikaweza kulinganishwa na za jirani yake. Lakini tangu hapo mtandao ukikatika, malipo yanasimama. Baadaye ukaja Mfumo wa Ulipaji Serikalini, MUSE, na mingine tunayoishi nayo kila siku: GePG kwa malipo ya Serikali, GoT-HoMIS kwa hospitali, NeST kwa ununuzi wa umma. Mifumo hii inafunguliwa kwa namna tofauti na eneokazi pepe, lakini kwa mwananchi aliyesimama dirishani tofauti hiyo haipo. Anachoona ni kama kazi inaendelea au haiendelei. Sheria ya Serikali Mtandao, Na. 10 ya mwaka 2019, iliunda Mamlaka yenye kazi ya kusimamia viwango. Viwango havimwamshi mtu usiku. Mtu huamshwa na mwenzake mwenye zamu, na zamu hupangwa na mkuu wa taasisi.

Ni vizuri kila Afisa Masuuli aelewe jinsi kitu hiki kinavyofanya kazi, maana ndiye anayesaini. Msimamizi anaandaa kompyuta mama moja ndani ya seva: mfumo endeshi, programu za ofisi, kizuia virusi, mipangilio ya usalama. Kutoka humo zinazaliwa nakala mamia, moja kwa kila anayeingia. Asubuhi mtumishi anapata nakala mpya, jioni akitoka nakala ile inafutwa. Programu nyingine hazimo kwenye kompyuta mama. Zinaunganishwa mtumishi anapoingia, kulingana na kazi yake: mhasibu anapata za uhasibu, afisa ardhi anapata za ramani. Hapo ndipo nguvu ya utaratibu huu ilipo. Ukiirekebisha kompyuta mama leo jioni, kesho ofisi za halmashauri zote nane za mkoa zimerekebika bila mtu kupanda gari.

Ukiiharibu leo jioni, kesho ofisi zote nane zimeharibika.

Julai 19, 2024 dunia iliona maana ya jambo hilo. Kampuni ya CrowdStrike ilituma sasisho moja lenye kasoro kwa wateja wake kwa wakati mmoja, na kompyuta zipatazo milioni 8.5 zenye Windows zikaanguka. Ndege zilibaki viwanjani, hospitali zikaahirisha matibabu. Kasoro yenyewe iliondolewa baada ya muda mfupi, lakini mashine nyingi zilihitaji mtu azifikie na kuziwasha upya kwa mkono, moja baada ya nyingine. Maeneokazi pepe yana nafuu kubwa hapo, kwa sababu msimamizi anaweza kuirudisha kompyuta mama ya jana na kazi ikaendelea. Nafuu hiyo ni ya yule tu aliyeitunza kompyuta mama ya jana. Aliyeifuta ili kuokoa nafasi ya diski hana pa kurudi. Na aliyeituma mpya kwa ofisi zote kabla ya kuijaribu kwenye ofisi moja amecheza kamari na mali ya umma.

Kwa hiyo agizo letu la kwanza kwa wasimamizi ni kwamba sasisho lolote lianzie ofisi ya pembezoni. Kwa kawaida mambo hufanyika kinyume. Linajaribiwa kwenye chumba cha TEHAMA, mita tano kutoka seva ilipo, linaonekana safi, linatumwa. Lijaribiwe Sikonge, kwenye mashine ya zamani kuliko zote, saa ya kazi, na karani halisi anayefanya kazi halisi. Likikaa siku mbili bila malalamiko, lifuate Urambo na Kaliua, kisha manispaa mwishoni. Na watumishi waambiwe kabla, kwa maandishi na kwa lugha wanayoielewa, nini kinabadilika na wapige simu namba gani kikigoma. Taarifa iliyotumwa saa kumi jioni siku ya Ijumaa kuhusu kazi ya Jumatatu asubuhi haijamfikia mtu.

Tazama dirisha la mapokezi la hospitali ya wilaya, Jumatatu saa mbili asubuhi. Foleni imefika nje. Mama ana mtoto mgongoni na kadi ya bima mkononi. Karani ameandika majina mawili, kiduara kinazunguka katikati ya skrini, hakuna kinachotokea. Anabonyeza tena. Skrini inafunguka na jina limeingia mara mbili. Anajaribu kulifuta, skrini inaganda. Anavuta droo, anatoa kaunta buku, anaanza kuandika kwa kalamu, akijua kwamba jioni atabaki kuyaingiza majina yote upya. Mama anaambiwa mtandao unasumbua. Saa hiyo hiyo, katika kituo cha seva, taa zote ni za kijani. Seva inawaka, mkongo uko hewani, na ripoti ya mwezi itaandika kwamba huduma ilipatikana wakati wote.

Ripoti hiyo haisemi uongo kuhusu seva. Kosa lake ni kwamba imepima kitu kisichomhusu yule mama. Ofisi za umma zinafunguliwa saa 1:30 asubuhi, na ndani ya robo saa watumishi wote wanaingia kwa pamoja. Kila mmoja anadai nakala yake izaliwe, programu zake ziunganishwe, mafaili yake yavutwe. Seva ambayo saa nane mchana inapumua vizuri, saa 1:45 asubuhi inakabwa koo. Hali ni hiyo hiyo wiki ya mwisho ya Juni, taasisi zinapofunga mwaka wa fedha na kila mhasibu yuko mezani mpaka usiku. Msimamizi anayejua kazi yake huziwasha nakala kabla, saa kumi na moja alfajiri, zikawa zinasubiri watu. Huyo huyo anapima tangu karani anapoandika nywila mpaka anapoweza kuhudumia mtu wa kwanza, na anapima kutoka dirishani. Tunataka kipimo hicho kiwe ndicho kinachosomwa kwenye vikao vya menejimenti, kituo kwa kituo, kila mwezi.

Printa nayo inastahili kusemwa, maana ndiyo inayoaibisha wengi. Eneokazi liko Dodoma au Dar es Salaam, printa iko Sikonge, na mfumo lazima ujue kuviunganisha. Usipopangwa vizuri, risiti ya mwananchi wa Sikonge inachapwa kwenye ofisi ya Tabora mjini, kwenye karatasi ya mtu mwingine, ikiwa na jina lake na kiasi alicholipa. Hapo shida haiishii kwenye usumbufu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaitaka taasisi iwajibike kwa taarifa za watu inazozishika, na hakuna kifungu kinachoisamehe kwa kuwa fundi alisahau kuchagua printa. Mashine za alama za vidole na skana zina tatizo la aina hiyo hiyo. Zote zijaribiwe kwenye kila kituo kabla kituo hakijakabidhiwa, na mkabidhiwa asaini baada ya kuona karatasi ikitoka mahali pake.

Jambo jingine wengi hawaambiwi. Tumesema nakala ya eneokazi inafutwa jioni. Mtumishi mpya akihifadhi muhtasari wa kikao juu ya eneokazi, kama alivyozoea kwenye kompyuta yake ya zamani, asubuhi haupo. Kuna njia ya kuyatunza mafaili ya kila mtu kwenye hifadhi ya pembeni, na taasisi makini zimeipanga hivyo tangu mwanzo. Pale ambapo haikupangwa, na mtumishi hakuelezwa, kazi iliyopotea ihesabiwe kwa msimamizi. Kumlaumu karani kwa kutokujua jambo ambalo hakuna aliyemfundisha ni uonevu.

Tuje kwenye utunzaji, maana ndiko tunakoona uzembe mkubwa zaidi. Tabora ina kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma, ambacho wengi bado wanakiita Chuo cha Uhazili. Makatibu muhtasari na watunza kumbukumbu waliopita hapo wametawanyika katika ofisi za nchi nzima, na wanajua sheria ya masijala: jalada halitoki bila kuandikwa kwenye daftari, limekwenda kwa nani, lini, na lilirudi siku gani. Folio zina namba. Karatasi haiongezwi wala kuchomolewa kimyakimya. Mtunza masijala akipoteza jalada moja ataitwa ajieleze kwa maandishi. Tunataka programu zitunzwe kama majalada yanavyotunzwa masijala. Kila programu inayopelekwa kwenye maeneokazi iwe na jalada lake. Humo iandikwe nani aliiomba na kwa kazi gani, leseni ni ya watu wangapi na inakwisha lini, toleo lipi linatumika, nani alilijaribu na kwenye kituo kipi, toleo lililotangulia limehifadhiwa wapi, na ikigoma usiku nani anapigiwa simu. Jalada likikosa jina la mtu, programu isiende kwa watumishi.

Hilo si kazi ya ziada. Katika taasisi nyingi ukiuliza ni programu ngapi zinapelekwa kwenye maeneokazi, utajibiwa kwa makadirio. Ukiuliza ipi haijafunguliwa na mtu kwa mwaka mzima, hutajibiwa. Wakati huo huo leseni zake zinalipiwa kila mwaka kwa fedha za kigeni. Upo pia upande wa pili: programu iliyonunuliwa kwa watu hamsini inafunguliwa na watu mia mbili kwa sababu kwenye seva hakuna aliyeweka mpaka. Huo ni wizi, na mkuu wa taasisi anayeufumbia macho ameshiriki.

Leseni zimekuwa hatari kwa namna nyingine tangu Novemba 2023, Broadcom ilipokamilisha ununuzi wa VMware, kampuni ambayo programu zake zinaendesha seva nyingi duniani. Mwezi uliofuata leseni za kudumu ziliacha kuuzwa na wateja wakaelekezwa kulipia kila kipindi. Kitengo cha maeneokazi pepe kikauzwa, na tangu 2024 kinaitwa Omnissa. Taasisi iliyosaini mkataba bila kufikiria njia ya kutoka imejikuta haina sauti mbele ya bei mpya. Zipo njia huria, kama KVM na Proxmox, ambazo vijana wetu wanazimudu wakipewa muda na mafunzo. Hatusemi kila taasisi ihamie huko. Tunasema Afisa Masuuli asisaini mkataba wa miaka mitatu bila kuandikiwa ukurasa mmoja unaoeleza taasisi itafanya nini siku muuzaji atakapobadilisha masharti.

Akaunti za watu nazo zina kilio chao. Watumishi wetu wanahamishwa: Igunga kwenda Kigoma, Kaliua kwenda Mpanda. Wanastaafu, wanafariki. Barua ya uhamisho inapita kwa utumishi, kwa uhasibu, kwa usafirishaji. Kwa msimamizi wa mifumo haipiti. Miezi sita baadaye aliyehama bado anaweza kufungua eneokazi la ofisi yake ya zamani, na programu za malipo zimo ndani. Akaunti ifungwe siku ile ile barua inapotiwa saini, na orodha ya wanaoingia ilinganishwe na orodha ya mishahara kila mwezi. Kazi hiyo inachukua asubuhi moja. Asiyeifanya asije akasema baadaye kwamba alidukuliwa.

Watumiaji hawako nje ya lawama. Nywila iliyobandikwa pembeni mwa skrini, au inayojulikana na ofisi nzima ili mambo yasikwame bosi akiwa safarini, inaua ushahidi. Malipo yakipita kwa akaunti ya mtu aliyekuwa kwenye mazishi siku hiyo, mahakama itauliza, na jibu halitakuwepo. Mkuu wa idara anayempa mhazili nywila yake amkabidhi pia barua ya kuwajibika badala yake. Kama hayuko tayari kuiandika barua hiyo, aache kumbebesha binti wa watu mzigo usio wake. Upo utaratibu halali wa kukaimisha, na mifumo inauruhusu.

Tuzitaje pia taasisi za mafunzo, kwa kuwa Tabora ni mji wa shule na vyuo. Chuo cha Ardhi Tabora kinafundisha utayarishaji wa ramani. Programu za ramani zinakula kumbukumbu na nguvu za michoro kuliko programu za kuandika barua. Chuo chochote kinachowapa wanafunzi wa fani hiyo maeneokazi yenye mgao sawa na wa mchapaji kinawafundisha kusubiri. Mgao upangwe kwa kazi. Asiyeweza kuupanga asubiri bajeti, na wanafunzi waendelee na kompyuta zao za mezani mpaka hapo.

Na umeme. Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipata hitilafu na sehemu kubwa ya nchi ikakaa gizani kwa saa kadhaa. Kituo kikuu cha data kina jenereta na betri. Swichi ya ofisi ya wilayani mara nyingi haina. Kisanduku cha mezani kinatumia umeme mdogo sana, kwa hiyo betri ya kawaida au sola ndogo inatosha kuiweka ofisi hai saa kadhaa, na gharama yake haifiki posho ya semina moja. Tena Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Afrika Mashariki. Taasisi ambayo seva zake ziko nchini na zinafikiwa kwa mkongo wa ndani haikuwa na sababu ya kusimama siku ile. Ile iliyoweka programu zake kwenye seva za ng'ambo, bila nakala nchini, ilisimama kwa uamuzi wa viongozi wake.

Hata kwa maandalizi hayo yote siku ya kugoma itafika. Kila dirisha linalohudumia watu liwe na fomu za karatasi zilizochapwa tayari, zenye namba, na karani afundishwe kuzijaza na kuziingiza baadaye bila kurudia majina. Kaunta buku ya droo ni juhudi binafsi ya karani mwenye huruma, na taasisi haina haki ya kujificha nyuma yake.

Bajeti za mwaka ujao wa fedha zinaandaliwa. Tunawataka wakuu wa taasisi za mkoa huu, kuanzia manispaa mpaka halmashauri za pembezoni, waweke vifungu vitatu visivyohamishika: leseni kwa idadi halisi ya watumiaji, betri kwa kila ofisi inayohudumia wananchi, na mafunzo kwa mtumishi mmoja wa kila kituo. Waambatishe orodha ya majalada ya programu, kila moja na jina la mwenye dhamana. Kamati za fedha za madiwani ziikatae bajeti yoyote ya TEHAMA itakayokuja bila orodha hiyo, na wakaguzi wa ndani waanze kuikagua robo ya kwanza, kwa kwenda Sikonge na kukaa mbele ya skrini.